Baridi ya Mafuta Katika Nchi ya Jua

Atakayesikia kwamba yuko mtu aliyetaka kuchunguza uchujaji wa oili katika baridi, kisha akaichagua Lodwar na Kakuma kuwa uwanja wa uchunguzi wake, hatakosa kudhani kwamba mtu huyo ama amepigwa na jua la utosi ama hajapata kuvuka daraja la Kainuk maishani mwake. Mji wa Lodwar umekaa kando ya mto Turkwel, kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Joto lake la mchana huelea karibu na nyuzi 35 takriban mwaka mzima, na hata alfajiri, saa ambayo watu wa Molo na Limuru huwa wamejikunyata chini ya mablanketi mawili, aghalabu haliteremki sana chini ya nyuzi 24. Kakuma, iliyo mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, haipungukiwi na ukali huo, na katika nchi ya namna hii neno baridi hutumika kwa soda zaidi kuliko kwa hali ya hewa. Walakini hoja yangu ni kwamba baridi ya oili na baridi ya ngozi ni mambo mawili yasiyoshirikiana kipimo. Kwamba injini huihesabu baridi yake kwa kulitazama joto la kazi iliyoundiwa, wala haijali kama nje kuna theluji au kuna mchanga. Na kwamba kwa sababu hiyo dereva wa lori la Kakuma, fundi wa Lodwar na mwenye jenereta sokoni wote wana suala la baridi mikononi mwao, tena suala linalowadhuru zaidi kwa kuwa hawalitarajii.

Oili ya injini hutungwa ifanye kazi ikiwa na joto la nyuzi 90 hadi 110 hivi, na hapo ndipo watengenezaji wa machujio nao hufanyia hesabu zao. Mnato wake, yaani ule ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka ambao mafundi wetu huuita uzito, hupimwa kwa sentistoki, na maji ya kawaida yana sentistoki moja tu. Oili ya daraja la 15W-40, iliyozoeleka mno katika malori ya dizeli, ikifika nyuzi 100 huwa na sentistoki 14 au 15. Ikiwa katika nyuzi 40 hupanda hadi kama 110. Katika nyuzi 24 za alfajiri ya Lodwar hukaribia 250. Na katika nyuzi 8 za usiku wa Timboroa, kule milimani, hufika kama 700. Tazama basi jinsi daraja hizi zilivyopangika: kutoka joto la kazi hadi alfajiri ya Lodwar, mji ambao hakuna anayeuita wa baridi, mnato umezidishwa mara 17 hivi, ilhali kutoka alfajiri ya Lodwar hadi usiku wa Timboroa umezidi mara tatu tu. Sehemu kubwa ya safari ya oili kuelekea ubaridi hukamilika kabla mtu hajahisi haja ya kuvaa sweta.

Natija ya jambo hilo huonekana ndani ya chujio. Chujio la injini nyingi za leo ni karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya kopo la bati, iliyokusudiwa kuzuia chembe za mikroni 20 hadi 40, na unywele wa mtu, kwa kulinganisha, una unene wa kama mikroni 70. Pampu ya oili, kwa kuwa ni ya meno yanayokokota kiasi kilekile kila inapozunguka, haina hiari ya kupunguza mwendo kwa sababu mafuta yamekuwa mazito; huyasukuma tu, na tofauti ya shinikizo kati ya upande wa kuingilia na upande wa kutokea huongezeka kwa kadiri ileile ya mnato. Lau kama hapangekuwa na njia nyingine, ama karatasi ingepasuka ama beringi zingekaa bila mafuta. Kwa hiyo waliounda wameweka vali ya dharura, kipande kidogo cha chuma chenye springi, ambayo hufunguka tofauti ya shinikizo ikifika kiwango kilichowekwa, aghalabu kati ya nusu ya baa na baa mbili, na kuyaacha mafuta yapite kandokando ya karatasi bila kuchujwa hata kidogo. Ni uamuzi wa hekima, kwa kuwa mafuta machafu ni afadhali kuliko kukosa mafuta. Ila maana yake ni kwamba saa ambayo injini imo hatarini zaidi, yaani dakika za mwanzo baada ya kuwashwa, ndiyo saa ambayo chujio lake, kwa kiasi kikubwa au kidogo, limo likizoni.

Hapo zamani jambo hili lilikabiliwa kwa njia nyingine. Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walipobuni, mwanzoni mwa miaka ya 1920, chujio la magari lililokuja kujulikana kwa jina la Purolator, na kwa miongo kadhaa baadaye, ilikuwa kawaida kuchuja sehemu ndogo tu ya mafuta na kuirudisha katika sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, huku sehemu kubwa ikienda moja kwa moja kwenye beringi. Utaratibu huo una fadhila moja kubwa, kwamba chujio la pembeni laweza kuwa na matundu madogo mno, ya mikroni chache tu, maadamu hakuna beringi inayolingojea. Na una kasoro moja kubwa, kwamba chembe iliyoingia sasa hivi yaweza kuizunguka injini mara nyingi kabla zamu yake ya kunaswa haijafika. Injini kubwa za leo aghalabu huziunganisha njia mbili, na baadhi yake, mathalan za Scania ambazo huonekana sana katika barabara kuu ya kutoka Mombasa, zina kikombe kinachozunguka kwa kasi kwa nguvu ya oili yenyewe, kikiutupa uchafu ukutani kama tope zito. Lakini kikombe hicho nacho ni mateka wa mnato: chembe husafiri ndani ya mafuta kwa kasi inayopungua kadiri mafuta yanavyozidi uzito, na oili baridi haikizungushi kikombe kwa nguvu za kutosha. Hakuna njia ya kuchuja mafuta, iwe ya karatasi, ya kikombe au ya kuyaacha yatulie, isiyodhoofishwa na baridi.

Sasa na tulifuate lori. Shehena ya kontena inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kakuma huenda kilomita kama 1,300, na katika safari hiyo hupita kwenye joto la pwani, huipanda Nairobi, huvuka Nakuru, kisha hupanda tena hadi Timboroa, ambako barabara hupita mita 2,700 juu ya bahari, kabla ya kuteremka Eldoret, Kitale, Kapenguria na hatimaye kwenye uwanda wa Turkana. Njia hiyo imelishwa na misaada tangu Operesheni ya Lifeline Sudan ilipoanza mwaka 1989 na kuufanya mji wa Lokichoggio kuwa ghala la Sudan ya Kusini, na zaidi tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992. Madereva wengi hulala Timboroa au Burnt Forest, ambako mwezi wa Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 8, na saa kumi za alfajiri, ilhali ukungu haujaondoka barabarani, huwasha injini na kuikanyagia ili matangi ya hewa ya breki yajae upesi. Hapa pana kosa ambalo simtwishi dereva peke yake, kwa kuwa mwenye mzigo anapiga simu na breki zisizo na hewa haziruhusu lori liondoke. Lakini kila anapoongeza mzunguko kutoka 600 hadi 1,800, pampu husukuma mafuta mara tatu ya yale ya mwanzo, na tofauti ya shinikizo ambayo huenda chujio lingeistahimili kwa mzunguko wa chini hupita kiwango, vali hufunguka, na oili yote ya usiku, pamoja na masizi yanayoelea na vumbi lililokuwa limetulia chini ya sampu, hupelekwa kwenye beringi bila kupekuliwa. Kuacha injini ijaze matangi kwa mzunguko wa chini, na kisha kuondoka polepole pasipo kuikamua mlimani kabla mshale wa joto haujainuka, huchukua dakika chache zaidi. Wala sisemi injini iachwe ikinguruma nusu saa mahali pamoja kama wafanyavyo wengine. Dizeli isiyo na mzigo hupata moto kwa taabu, na mafuta yasiyoungua huteremka katika silinda na kuchanganyika na oili.

Habari ya giaboksi ni tofauti, na husahauliwa mara nyingi. Giaboksi ya kawaida ya lori, ile ya kubadilisha kwa mkono, aghalabu haina chujio. Ina sumaku tu kwenye nati ya kumwagia, na sumaku hukamata chuma lakini haina habari na shaba, ilhali pete nyingi za kulinganishia gia ni za shaba. Kwa hiyo uchafu wake mwingi hukaa ndani mpaka siku ya kubadilisha oili, na katika baridi, oili yake ikiwa nzito kuliko hata ya injini, dereva huhisi mkononi yale ambayo kwenye injini hayahisi: gia hukataa kuingia, au huingia kwa kelele, hadi kilomita kadhaa zipite. Ugumu huo ni ushahidi bora kuliko mshale wowote, na dereva mwenye akili huusikiliza.

Giaboksi inayojibadilisha yenyewe, kama ile ya Probox nyingi zinazobeba abiria katika kaunti zetu, ina chujio, ila limekaa mahali pa hatari zaidi. Chujio la injini hupokea mafuta yanayosukumwa na pampu, nalo la giaboksi hii kwa kawaida limekaa chini kabisa, kabla ya pampu, hata pampu hulazimika kuyafyonza mafuta kulipitia. Tofauti ya kusukuma na kufyonza si ndogo. Mwenye kusukuma aweza kuongeza nguvu mpaka kitu kipasuke. Mwenye kufyonza hana zaidi ya uzito wa hewa inayoyakandamiza mafuta ndani ya bakuli, nao pwani ni baa moja, ilhali Timboroa umebaki karibu robo tatu tu ya hapo. Ndiyo sababu machujio ya namna hiyo hufanywa kwa kitambaa kizito chenye matundu mapana, na ndiyo sababu oili yake huwa nyepesi mno, kiasi cha sentistoki 7 katika nyuzi 100. Anayemimina humo oili ya injini kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, au anayetafuta chujio lenye matundu madogo zaidi akidhani anaongeza usafi, anaitengenezea pampu mapovu na njaa. Katika giaboksi hii mtu husafisha zaidi kwa kubadilisha kuliko kwa kuchuja.

Na pikipiki? Bodaboda nyingi zilizoiga muundo wa kale wa Honda CG125 hutumia oili moja kwa injini, klachi na gia, na uchujaji wake ni wavu wa chuma na kikombe kidogo kinachozunguka na kunasa uchafu kwa kuutupa pembeni, basi. Hapo mjadala wa vali ya dharura haupo, na usalama wote umo katika kubadilisha oili mapema.

Lakini iko baridi moja ambayo ni ya Turkana hasa, na sidhani kama vitabu vya Ulaya vinaifikiria. Mvua ikinyesha kwenye milima ya mbali, zile laga, yaani mito ya msimu, za Kawalase pale Lodwar na Tarach pale Kakuma, ambazo asubuhi zilikuwa mchanga mtupu unaopitiwa na mbuzi, hujaa maji ya rangi ya udongo kwa muda mfupi. Gari lililotoka mbio mchana kutwa hufika hapo likiwa na difu na giaboksi zenye joto la nyuzi 80 au 90, na dereva akiona maji yamepungua hadi magotini huingia. Chuma cha moto kikizama ghafla ndani ya maji ya nyuzi 25, hewa iliyomo ndani hunywea, na kunywea kwake huleta ufyonzaji. Na kama tundu la kupumulia limezibwa na tope, au halina bomba la kulipandisha juu, ufyonzaji huo hutafuta njia kwenye sili za mihimili na kuingiza maji yenye udongo laini kama unga. Siku chache baadaye oili hutoka ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hakuna chujio la kuizuia balaa hiyo, kwa kuwa difu nyingi hazina chujio, na hata pale lilipo, karatasi haiyazuii maji yaliyokwisha kuchanganyika na mafuta. Kinga yake ni ya bei ndogo hata inashangaza kuikosa: bomba la mpira lililopandishwa juu hadi karibu na boneti, na subira ya robo saa ukingoni ili chuma kipoe, muda ambao dereva mwenye busara angeutumia hata hivyo kutazama kama maji yanapanda au yanashuka.

Udongo huo wa laga unatuleta kwenye swali ambalo wauzaji wa machujio hawalipendi, nalo ni uchafu huu watoka wapi. Sehemu yake huzaliwa ndani, masizi ya dizeli na unga wa chuma kinachosagika. Lakini katika nchi ya vumbi sehemu inayoua haraka huingia kutoka nje, na mlango wake mkuu ni njia ya hewa. Mchanga kwa kiasi kikubwa ni kwazi, madini yenye ugumu unaozidi vyuma vingi vya injini, na chembe zake ndogo zinazolingana na unene wa utando wa mafuta kwenye beringi, yaani mikroni chache tu, ndizo zinazosaga, ilhali ndizo hasa chujio la oili la kawaida lisizozikamata vizuri. Barabara ya Kitale hadi Lodwar, iliyotiwa lami kwa fedha za Norway katika miaka ya 1980, ilikuwa imeharibika mno kufikia miaka ya 2010 hata madereva waliiacha na kupita kandokando yake mchangani, wakimezana vumbi. Na ukarabati wa sehemu ya Lokichar hadi Nadapal, uliokuja kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2015, kwa maoni yangu umeokoa injini nyingi kuliko machujio yote yaliyouzwa njiani humo. Waingereza walilijua jambo hili vitani, walipozifungia ndege zao za Spitfire zilizokwenda Afrika Kaskazini machujio makubwa ya hewa ya Vokes chini ya pua, wakaukubali uzito na upungufu wa kasi uliofuatana nayo.

Hata katika machujio ya hewa, baridi ina neno lake. Trekta za zamani za Massey Ferguson na majenereta ya Lister yaliyotoka Dursley, Uingereza, yalisafisha hewa kwa kuipitisha juu ya bakuli la oili, na vumbi lilishikwa na mafuta kabla ya kufika kwenye silinda. Bakuli hilo hufanya kazi vizuri mafuta yakirukaruka na kuulowesha wavu. Yakiwa mazito hukaa chini, na hewa hupita juu yake ikiwa na vumbi lake. Katika Lodwar kifaa hicho kilikuwa na bahati ya mahali, na sishangai kwamba mafundi wazee wa kaskazini bado humsifu Lister kuliko injini nyingi mpya. Pana mapenzi ya ujana katika sifa hizo, lakini pana na ukweli pia.

Suala la daraja la oili nalo halikwepeki. Namba ya kwanza pamoja na herufi W katika 15W-40 hueleza tabia ya mafuta katika majira ya baridi, na ya pili hueleza tabia yake katika nyuzi 100. Wako wasemao kwamba Turkana haina haja na namba ya kwanza, na kwamba oili nzito ya daraja moja, SAE 40, yatosha tena ni rahisi zaidi. Kwa jenereta lisilotoka Lodwar na lisilozimwa ila kwa matengenezo, sina ugomvi nao. Kwa lori la Timboroa hasha, kwa sababu oili hiyo, ingawa katika nyuzi 100 yalingana na 15W-40, katika nyuzi 8 hufika sentistoki 1,500 hivi, zaidi ya maradufu ya mwenzake, na vali ya dharura hukaa wazi muda mrefu zaidi. Kinyume cha kosa hilo hufanywa na wenye magari madogo yaliyotoka Japani, ambayo sheria ya Kenya huyaruhusu yakiwa na umri usiozidi miaka minane: kitabu chake chataka 0W-20, oili nyepesi inayofaa sana nchi ya theluji; lakini kulipandisha gari hilo, likiwa na mzigo wa watu saba na magunia, katika nyuzi 38, kwenye mpando wa Marich, ni kutaka utando mwembamba ubebe uzito ambao haukupimiwa. Kitabu hichohicho, kikisomwa hadi ukurasa wa mwisho, mara nyingi huruhusu daraja nzito zaidi kwa nchi za joto.

Niruhusiwe kutoka njiani kidogo, kwani ni vigumu kuzungumza juu ya mafuta yanayoganda katika Turkana bila kuyataja mafuta ya Turkana yenyewe. Mafuta ghafi yaliyogunduliwa Ngamia mwaka 2012, karibu na Lokichar, yamejaa nta, na yakipoa chini ya takriban nyuzi 40 huanza kugeuka kuwa kitu kinachokatika kwa kisu. Ndiyo sababu yaliposafirishwa kwa malori kwenda Mombasa kuanzia Juni 2018, hata shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo mwezi Agosti 2019, yalibebwa katika matangi yenye kutunza joto na kuweza kupashwa moto. Bomba la Hoima hadi Tanga, la kilomita 1,443, lililokusudiwa kubeba mafuta ya jamii hiyohiyo ya Uganda, limeundwa lipashwe moto njia nzima. Nchi ambayo jua lake humfanya mgeni atafute kivuli kabla ya saa tatu asubuhi imekuwa na mafuta ambayo kwayo siku ya kawaida ya Lodwar ni baridi kali, na sijui burhani iliyo wazi zaidi ya yale niliyoyasema mwanzoni.

Tukirudi gereji, lipo zoezi la kuchuja oili iliyotumika ili itumike tena, nalo limeenea kila mahali penye fedha kidogo na injini nyingi. Fundi huimimina oili chakavu katika pipa, huiacha itulie, kisha huipitisha katika kitambaa au chujio la zamani. Hapa jua la Turkana ni mshirika wa kweli: pipa jeusi lililoachwa juani hupata nyuzi 50, na katika joto hilo chembe huzama mara sita hivi kwa kasi ya kuzama kwake katika nyuzi 15 za Kapenguria. Lakini masizi ya dizeli hayazami, kwa kuwa oili imetiwa dawa za makusudi za kuyashikilia yaelee. Na dawa za kupunguza tindikali zilizokwisha kuliwa hazirudi, wala dizeli iliyochanganyika nayo haitoki kwa kitambaa. Oili hiyo ina kazi zake, kulainisha minyororo na bawaba za mageti. Kuirudisha kwenye injini ya lori ni kuikopa injini. Na kuimwaga kwenye laga, jambo ambalo macho yanaliona Lodwar na Kakuma pia, ni jambo lingine kabisa katika nchi ambako watu huchimba mchanga wa laga hiyohiyo kutafuta maji ya kunywa.

Yaliyo mikononi mwa fundi bila gharama ni mawili. La kwanza ni kumwaga oili injini ikiwa ya moto, kwa sababu uchafu unaoelea hutoka pamoja na mafuta, ilhali usiku kucha hukaa chini na kubaki humo. La pili ni kulipasua chujio la zamani kwa msumeno wa chuma, upande wa nje usio na karatasi, na kuikunjua karatasi juu ya gazeti. Chembe za shaba ni habari ya beringi. Mchanga ni habari ya bomba la hewa lililolegea. Na karatasi nyeupe, safi kabisa baada ya miezi ya kazi, haipaswi kumfurahisha mtu, kwa kuwa yaweza kuwa dalili kwamba vali ilikuwa wazi wakati wote, au kwamba chujio ni la bandia na springi yake ni dhaifu kuliko inavyostahili.

Majenereta ya Kakuma, kwa miaka mingi, hayakuwa na shida kubwa na jambo hili. Wafanyabiashara wa Kihabeshi na wa Kisomali katika masoko ya kambi, waliowauzia majirani umeme kwa nyaya, waliyawasha na kuyaacha yangurume kwa saa nyingi mfululizo, na mabaya yake yalikuwa ya joto na vumbi. Sasa hali yabadilika. Mitambo ya jua imeenea Kakuma na katika makazi ya Kalobeyei, na Lodwar yenyewe, iliyotegemea kituo cha dizeli kisichounganishwa na gridi ya taifa, imechanganya dizeli na jua. Ninaufurahia mpango huo kwa kila sababu isipokuwa moja: jenereta lililokuwa likiwashwa mara moja kwa siku huweza kuitwa mara tano au sita, wingu likipita, betri zikishuka, usiku ukianza, na kila mwito ni mwanzo mpya wa oili ya nyuzi 30 kusukumwa katika chujio lililopimiwa 90, tena mara moja chini ya mzigo, bila dakika za kupata moto. Saa zake za kazi zimepungua, kwa hiyo daftari la matengenezo, ambalo huhesabu saa peke yake, laonyesha injini iliyopumzika. Na fundi anayelifuata huahirisha kubadilisha oili wakati ambapo angepaswa kuiwahisha. Dawa yake haiko mbali, kwani mtambo wa jua adhuhuri mara nyingi huzalisha umeme zaidi ya unaotakiwa, na kipashamoto kidogo cha umeme kwenye sampu, pamoja na pampu ya umeme ya kujaza mafuta kabla ya kuwasha, vyaweza kulishwa na ziada hiyo bila kumnyima mtu taa. Kinachotakiwa kwanza ni safu moja zaidi katika daftari la jenereta, kando ya ile ya saa, ya kuandika ni mara ngapi limewashwa.